Konsoli ya katikati ya kizazi: ununue nguvu zaidi, au mashine ileile iliyorekebishwa?

Konsoli ikishamtumikia mwenyewe miaka mitatu au minne, mara nyingi mtengenezaji huleta sokoni toleo jingine la mashine hiyohiyo, lenye jina linalokaribiana na la kwanza na linalocheza michezo ileile, kwa bei iliyo karibu na ile ya mwanzo au hata kuizidi. Matoleo haya ya katikati ya kizazi yako ya namna mbili. Yapo yanayoongeza nguvu ya kuchakata, kama New Nintendo 3DS ya mwaka 2014, PlayStation 4 Pro ya 2016, Xbox One X ya 2017 na PlayStation 5 Pro ya 2024. Yapo pia yanayoiacha nguvu ilivyo, au kuigusa kidogo tu, yakabadilisha kioo, betri, umbo, hifadhi au matumizi ya umeme. Miongoni mwake ni Game Boy Advance SP ya 2003, Xbox One S ya 2016, Nintendo Switch yenye kioo cha OLED (ambacho kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe) ya 2021, pamoja na Steam Deck OLED, konsoli ya mkononi, na PlayStation 5 nyembamba, zote za 2023.

Mabishano kuhusu matoleo haya huendeshwa kwa hesabu ya teraflopu, yaani matrilioni ya hesabu ambazo kichakataji cha picha kinaweza kufanya kwa sekunde, na toleo lisiloongeza teraflopu hudharauliwa kama bidhaa ya zamani iliyofungwa kwa karatasi mpya. Kipimo hicho kinawapoteza wanunuzi wengi. Ninavyoona mimi, konsoli ya mkononi haihitaji nguvu zaidi ili toleo lake la katikati liwe na maana kwa mtu ambaye tayari analo la kwanza. Konsoli inayokaa chini ya televisheni ndiyo inayoihitaji, na hata hiyo huhitaji nguvu ya aina fulani, kwa mchezaji wa aina fulani. Ulinganisho ufuatao unafuata mgawanyo huo.

Nguvu inayoongezwa hukaa wapi

PlayStation 4 ilipotoka Novemba 2013, kichakataji chake cha picha kilikuwa na uwezo wa teraflopu 1.84. Toleo la Pro la Novemba 2016 lilifikisha 4.2, kwa kuongeza vitengo vya ukokotoaji kutoka 18 hadi 36 na mwendo wake kutoka megahezi 800 hadi 911. Kichakataji kikuu, kile kinachoshughulikia mienendo ya wahusika, fizikia ya vitu na mantiki ya mchezo, kilibaki kuwa cha familia ileile yenye viini vinane, na mwendo wake ukapanda kutoka gigahezi 1.6 hadi 2.13 tu. Kumbukumbu ya michezo iliendelea kuwa ile ya gigabaiti 8, ingawa njia ya kuifikia ilipanuliwa kutoka gigabaiti 176 kwa sekunde hadi 218. Namba hizi zikisomwa kwa pamoja, nia ya wahandisi inaonekana bila kuuliza: mchezo uleule, unaokwenda vilevile, uchorwe kwa pikseli nyingi zaidi.

Hata hizo pikseli hazikutosha. Picha ya 1080p ina pikseli 2,073,600, na picha ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili, ilhali nguvu ya kuchora ilikuwa imeongezeka kwa takriban mara 2.3. Pengo lililobaki lilizibwa kwa ujanja: mashine huchora nusu ya pikseli kwa mpangilio wa ubao wa drafti, kisha hukisia nusu ya pili kwa kutazama fremu iliyotangulia, yaani picha moja kati ya nyingi zinazopita kila sekunde. Mhusika akiwa amesimama, ni vigumu kuutambua ujanja huo kutoka kwenye kiti. Azungushe kamera kwa haraka mbele ya uzio wa waya au kichaka chenye majani membamba, na kingo za waya na za majani huanza kumeng'enyeka na kuchezacheza, kwa sababu fremu iliyopita haikuwa na habari za kile kilichojitokeza sasa.

Xbox One X ilikwenda mbali zaidi. Xbox One ya 2013 ilikuwa na teraflopu 1.31, One X ilikuwa na 6, kumbukumbu ya gigabaiti 12 badala ya 8, na njia ya kumbukumbu ya gigabaiti 326 kwa sekunde. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote. Kwenye Xbox One ya kwanza mchezo huo ulichorwa kwa pikseli 1536 kwa 864. Kwenye One X ulichorwa kwa 4K kamili, yaani pikseli zaidi ya mara sita. Milima iliyokuwa kama imefunikwa na ukungu usiokusudiwa ikapata kingo, na maandishi ya vibao vya madukani yakasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini kwenye mashine zote mbili mchezo uliendeshwa kwa fremu 30 kwa sekunde. Farasi alikimbia kwa ulaini uleule kwa aliyelipa zaidi na kwa aliyelipa kidogo.

Sababu yake inafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama fedha za mnunuzi zitafanya kazi aliyoitarajia. Mchezo unaokwenda kwa fremu 30 una milisekunde 33.3 za kuandaa kila fremu. Wa fremu 60 una milisekunde 16.7. Ndani ya muda huo kichakataji kikuu huamua kila mhusika yuko wapi na anafanya nini, na kichakataji cha picha huchora matokeo. Tuseme katika soko lenye watu wengi hesabu za wahusika peke yake zinakula milisekunde 25. Hapo fremu 60 hazipatikani hata ukileta kichakataji cha picha chenye uwezo mara kumi, maana kitamaliza kazi yake mapema kisha kikae kikisubiri kuambiwa cha kuchora. Dragon's Dogma 2 ya 2024 ni mfano wa karibu: mzigo wake mkubwa katika miji hutokana na wahusika wanaohesabiwa mmoja mmoja, kwa hiyo kikwazo chake kiko upande ambao toleo la katikati haliugusi sana.

Huenda mtu akauliza kwa nini watengenezaji wasiongeze nguvu ya kichakataji kikuu pia. Sehemu ya jibu ni gharama, na sehemu ni uoanifu. Mchezo uliopimwa na kusawazishwa kwa mashine ya kwanza lazima uende bila kasoro kwenye ya pili, na kichakataji kikuu cha familia tofauti huleta tofauti za muda ambazo mchezo wa zamani haukuzitarajia. Kichakataji cha picha huvumilia nyongeza kwa urahisi zaidi, kwa kuwa pikseli ni kazi inayogawanyika: ukiwa na vitengo mara mbili, unawapa nusu kwa nusu.

PlayStation 5 Pro dhidi ya PlayStation 5

Jozi hii inastahili sehemu yake, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wanunuzi wengi zaidi kwa sasa. PlayStation 5 ya Novemba 2020 ina vitengo 36 vya ukokotoaji na teraflopu 10.28. Toleo la Pro, lililotoka tarehe 7 Novemba 2024, lina vitengo 60, njia ya kumbukumbu yenye kasi zaidi kwa asilimia 28, na kwa maelezo ya Sony yenyewe uchoraji wake ni wa haraka zaidi kwa asilimia 45. Hifadhi ni terabaiti 2 badala ya gigabaiti 825 za toleo la mwanzo. Kichakataji kikuu ni kilekile, na kuna namna ya kukiongezea mwendo kwa takriban asilimia 10. Bei yake ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa dola 699.99, bila kisomaji cha diski. Inafaa kukumbuka kwamba PlayStation 4 Pro ilitoka kwa dola 399, bei ileile ambayo PlayStation 4 ya kwanza ilianza nayo miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo anayetumia uzoefu wa 2016 kuamua leo analinganisha vitu viwili visivyolingana, kwani safari ile nguvu ziliongezwa bila kuongeza bei ya mwanzo wa kizazi, na safari hii zimewekewa bei yake peke yake.

Kilicho kipya ndani ya Pro, na kwa maoni yangu cha thamani kuliko vile vitengo 24 vya ziada, ni PSSR, mfumo wa kukuza picha kwa akili mnemba. Mchezo huchorwa kwa pikseli chache, kisha mfumo uliofunzwa kwa picha nyingi hujaza zilizopungua. Ni mrithi wa ule ubao wa drafti, mwenye macho makali zaidi. Faida yake inatokana na tabia ya wachezaji wenyewe. Kwenye PlayStation 5 michezo mingi humtaka mchezaji achague kati ya picha kali kwa fremu 30 na mwendo laini wa fremu 60 kwa picha iliyofifia. Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hizi, alipoitambulisha Pro tarehe 10 Septemba 2024 alisema kwamba karibu robo tatu ya nyakati wachezaji huchagua mwendo. Pro imejengwa ili hao wapate mwendo wao pasipo kuulipia kwa ukungu.

Final Fantasy VII Rebirth ndio mchezo unaoonyesha hilo bila utata. Kwenye PlayStation 5 ya kawaida, ukichagua fremu 60, mandhari pana ya nyasi na miamba huonekana kana kwamba kioo kimepakwa mafuta, na nywele za wahusika huungana kuwa bonge. Kwenye Pro, fremu zikiwa hizohizo 60, nyasi hutengana na nywele hupata nyuzi. Mtu aliyecheza saa mia moja za mchezo huo hahitaji kuonyeshwa kwa kukuza picha. Ataona mwenyewe dakika ya kwanza. Kwa upande mwingine, mchezo ambao tayari ulikuwa safi kwenye mashine ya kawaida hupata nyongeza ambayo ni lazima uitafute, na mchezo ambao haujapewa sasisho la Pro hupata kidogo sana.

Kisha kuna televisheni. Nguvu hizi zote hupita kwenye kioo kabla ya kufika machoni, na kioo cha 1080p, au cha 4K kilicho kidogo na kilichowekwa mbali, huzirudisha nyingi zilikotoka. Televisheni isiyo na HDMI 2.1, toleo jipya zaidi la tundu la waya wa picha, haitapokea fremu 120 kwa 4K. Mwenye televisheni ya namna hiyo akibadilisha konsoli kabla ya kioo, amenunua injini kubwa kwa gari ambalo magurudumu yake yamekwisha.

Sakafu haipandi

Hata toleo la katikati liwe na nguvu kiasi gani, mchezo lazima uende kwenye mashine ya kwanza pia, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa walio wengi. Kwa hiyo idadi ya maadui, ukubwa wa ramani na akili ya wahusika hupangwa kwa kufuata mashine dhaifu, na mashine yenye nguvu hupewa mapambo. Mwenye Pro hachezi mchezo tofauti na wa jirani yake.

Mara chache Nintendo iliivunja kanuni hiyo. Mwaka 2000 The Legend of Zelda: Majora's Mask ilidai Expansion Pak, kipande kilichochomekwa kwenye Nintendo 64 kuongeza kumbukumbu kutoka megabaiti 4 hadi 8, bila hicho haikuwaka. Mwaka 2015 Xenoblade Chronicles 3D ilitolewa kwa New Nintendo 3DS pekee. Michezo iliyofuata njia hiyo ilikuwa michache, kwani kumfungia mlango mteja aliyenunua mashine yako miaka michache iliyopita ni biashara mbaya kwa mwenye mashine na kwa mwenye mchezo.

Lakini kanuni ya sakafu ina upande wa pili, na huu ni hoja nzito ya kutetea nguvu. Sakafu haipandi, ila baadhi ya watengenezaji wa michezo huanza kuizamisha kizazi kinapokaribia mwisho. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, hali yake kwenye PlayStation 4 na Xbox One za 2013 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony iliuondoa mchezo huo kwenye duka lake la mtandaoni siku chache baadaye, na haukurudi hadi Juni 2021. Wenye PlayStation 4 Pro na Xbox One X nao walipata kasoro, lakini mchezo kwao ulichezeka vizuri zaidi. Nguvu ya ziada inaweza kukaa miaka mitatu kama pambo, kisha katika mwaka wa mwisho ikawa bima. Anayenuia kubaki na mashine yake hadi mwisho wa kizazi na hata mwaka mmoja zaidi baada ya kipya kuanza ana sababu ya kulipia nguvu ambayo anayebadilisha kila mara hana.

Matoleo yasiyoongeza nguvu, mkononi

Game Boy Advance ya 2001 ilikuwa na kioo kisicho na taa. Mchezaji aliishika chini ya balbu, akaiinamisha kidogo kushoto, akageuza kiti, akapata pembe ambayo rangi zinaonekana, na gari likipinda au wingu likipita alianza upya. SP ya 2003 ilikuwa na kichakataji kilekile cha megahezi 16.78. Ilichoongeza ni taa, betri ya kuchaji, na umbo la kujikunja linalokinga kioo mfukoni. Hakuna mchezo hata mmoja uliokwenda kwa kasi zaidi, na hata hivyo sidhani kama kuna toleo jingine la katikati ya kizazi lililobadilisha maisha ya mchezaji kwa kiasi hicho. Mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza usiku, kitandani, taa za chumba zimezimwa, hakuhitaji kuelezwa kwa nini ainunue.

Switch ilifuata njia hiyohiyo mara mbili, na ile ya kimya ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 2019 Nintendo ilibadilisha chipu ndani ya Switch kwa iliyotengenezwa kwa teknolojia ndogo zaidi, isiyotumia umeme mwingi, bila kubadili umbo wala jina. Muda wa betri ulipanda kutoka kati ya saa 2.5 na 6.5 hadi kati ya saa 4.5 na 9. Kwa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, kwa makadirio ya kampuni, ulitoka takriban saa 3 hadi 5.5. Chipu ile ingeweza kuendeshwa kwa kasi zaidi. Nintendo ilichagua kuigeuza akiba yote kuwa saa za kucheza, na kwa mashine ya kubebwa huo ulikuwa uamuzi wa busara: mchezo unaozimika katikati ya safari hauna fremu hata moja.

Toleo la OLED la Oktoba 2021 halikugusa betri wala nguvu. Kioo kilikua kutoka inchi 6.2 hadi 7 bila mwili kukua sana, hifadhi ikawa gigabaiti 64 badala ya 32, kituo cha kuunganishia televisheni kikapata tundu la waya wa mtandao, na ule mguu mwembamba wa nyuma uliokuwa ukichomoka ukapanuliwa upana wote wa mashine. Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kujiuliza swali moja tu: anachezea wapi? Kama Switch yake huishi kwenye televisheni, toleo la OLED halimpi karibu chochote, kwa kuwa kioo kilichobadilishwa ndicho asichokitazama. Kama huishi mikononi, basi kila dakika ya kucheza imebadilika.

Steam Deck OLED ya Novemba 2023 ndiyo iliyokamilisha hoja hii. Betri ilitoka saa-wati 40 hadi 50, chipu ikapunguzwa kutoka nanomita 7 hadi 6, kioo kikawa cha inchi 7.4 chenye HDR (tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza), kinachojichora upya mara 90 kwa sekunde badala ya 60. Nguvu ya michezo ilibaki karibu palepale, nyongeza ndogo ikitokana na kumbukumbu yenye kasi zaidi. Hata hivyo hiyo 90 ina faida isiyoandikwa kwenye boksi. Mchezo mzito usioweza kufika fremu 60 kwenye kioo cha zamani ulipunguzwa hadi 30 ili uende sawasawa na kioo, au 40 kwa kukipunguza kioo chenyewe. Kwenye kioo cha 90, nusu yake ni 45, na fremu 45 zinazofika kwa mpangilio, kila moja kwa milisekunde 22.2, huhisiwa na mkono kuwa laini kuliko 30 kwa tofauti kubwa. Kioo bora kimeifanya chipu ileile ionekane ya haraka. ROG Ally X ya 2024, konsoli nyingine ya mkononi, nayo iliacha chipu ilivyokuwa, ikaongeza betri mara mbili kutoka saa-wati 40 hadi 80 na kumbukumbu kutoka gigabaiti 16 hadi 24.

Matoleo yasiyoongeza nguvu, chini ya televisheni

Hapa hukumu inageuka. Xbox One S ilikuwa ndogo kwa asilimia 40 kuliko Xbox One, ilimeza ndani yake lile tofali la umeme lililokuwa likilala sakafuni, na ikasoma diski za filamu za 4K, jambo ambalo PlayStation 4 Pro ya mwaka huohuo haikuliweza licha ya jina lake. Kwa mpenzi wa filamu hiyo ilikuwa hoja ya kweli. Kwa mchezaji aliyekuwa na Xbox One inayofanya kazi, haikuwa hoja. PlayStation 5 nyembamba ya 2023 ina terabaiti 1 na kisomaji cha diski kinachobanduliwa. Mwenye ile ya kwanza anaweza kuchomeka diski ya SSD (hifadhi ya chipu yenye kasi) ya ziada ndani yake na kumpita huyo mwenye toleo jipya kwa gharama ndogo. Mwaka 2024 Microsoft nayo ilitoa Xbox Series X nyeupe isiyo na kisomaji na nyingine yenye terabaiti 2, bila kuongeza nguvu. Mashine hizi zote ni nzuri kwa anayenunua kwa mara ya kwanza. Kwa anayebadilisha, sioni sababu, isipokuwa ya zamani imeharibika.

Naongeza jambo moja kuhusu kelele, kwa kuwa wengi hubadilisha mashine kwa ajili yake. Niliwahi kuwa na konsoli, ya kampuni nisiyoitaja, ambayo feni yake ilinguruma kila ramani ya mchezo ilipofunguliwa, hadi mazungumzo ya wahusika yakawa hayasikiki bila kuongeza sauti. Nilikuwa nimeshahesabu fedha za kununua toleo jembamba. Siku niliyoifungua ili niiuze ikiwa safi, nilikuta vumbi limetanda kwenye mapezi ya kupozea mithili ya kitambaa. Nilipoliondoa na kubadilisha gundi ya joto juu ya chipu, kelele ilipungua kiasi kwamba uuzaji uliahirishwa kwa miaka miwili.

Kuichagua jozi yako

Kwa mwenye PlayStation 5 anayefikiria Pro, ushauri wangu ni kuangalia kwanza michezo mitano anayoicheza sasa na ile anayoisubiri. Kama katika hiyo huwa anachagua fremu 60 na kukerwa na ukungu wa picha, ana televisheni ya 4K yenye HDMI 2.1, na michezo yake imepewa sasisho la Pro, atapata alichokilipia. Kama kero yake ni michezo inayokwamakwama mijini, asitarajie muujiza, kwa sababu hapo kikwazo ni kichakataji kikuu. Kama kero yake ni hifadhi kujaa, tiba ni SSD. Na mwenye diski nyingi ahesabu pia bei ya kisomaji, kinachouzwa kando.

Mwenye mashine ya mkononi atazame kwanza kioo na saa za betri, na nguvu baadaye. Anayetaka nguvu kwenye familia ya Switch hakuwahi kupewa toleo la katikati lenye nguvu. Alisubiri hadi Switch 2 ya Juni 2025, ambayo ni kizazi kingine chenye michezo yake, na inapaswa kupimwa kwa mizani hiyo.

Suala la wakati nalo lina uzito wake. Aliyenunua PlayStation 4 Pro wiki ya kwanza alipata miaka minne kamili kabla ya PlayStation 5. Xbox One X ilitoka Novemba 2017 na utengenezaji wake ukasitishwa Julai 2020, kwa hiyo aliyeinunua mwishoni alikuwa na miezi michache tu kabla ya Series X na Series S, Xbox za kizazi kilichofuata, kutoka Novemba mwaka huo. Series S yenyewe ni somo la ajabu kwa wapenda teraflopu. Ina teraflopu 4 mbele ya 6 za One X, na kumbukumbu ya gigabaiti 10 mbele ya 12, na uchache huo wa kumbukumbu umewahi kuumiza: mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox kwa sababu namna yake ya kugawa kioo kwa wachezaji wawili haikuweza kukaa vizuri kwenye Series S. Lakini ina kichakataji kikuu cha kisasa na SSD, na ni hivyo viwili vilivyofanya michezo mipya iendelee kuijia ilhali One X, yenye namba kubwa zaidi kwenye boksi, iliachwa na michezo hiyo. Anayeiona One X iliyotumika ikiuzwa karibu na bei ya Series S achague Series S, labda awe na rundo la diski za zamani, kwani Series S haina pa kuziingiza.